Kila "kusumbua" si "disturb"

Shikamoo Mwalimu,

Natafsiri mahojiano ya utafiti kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Wahojiwa ni akina mama waliojifungulia katika vituo vya afya hapa mkoani. Nasikiliza rekodi, nainukuu neno kwa neno, kisha naitafsiri ili timu nzima iweze kuisoma, wakiwemo wasiojua Kiswahili. Maelezo ya huduma, dawa na gharama hayanipi shida. Kinachonikwamisha ni pale mama anaposema jambo fulani lilimtoa kwenye utulivu wake.

Kurasa za kwanza zimerudi kutoka kwa msimamizi zikiwa na alama nyekundu kwenye neno lilelile, "disturb". Pembeni mwa sentensi moja ameuliza kama mama huyo ana matatizo ya akili, ilhali alisema tu kwamba alikosa amani. Nikafungua thesorasi ya mtandaoni, nikakuta "unsettle", "unnerve", "perturb", "disconcert", "discomfit", "rattle", "faze" na mengine chungu nzima, yote yamepangwa kana kwamba ni mapacha. Nikayagawa, hapa hili na pale lile, nisije nikarudia neno. Kurasa za pili zimerudi na alama nyingi zaidi.

Naomba unisaidie kwa sentensi hizi, ambazo majina nimeyaondoa.

Ya kwanza: "Nesi alikuwa anamnong'oneza mwenzake huku wananiangalia, nikakosa amani kabisa." Niliandika "I was completely disturbed."

Ya pili: "Daktari akaniuliza maswali mfululizo mbele ya watu, nikababaika." Niliandika "I was perturbed."

Ya tatu: "Mlinzi wa getini alikuwa ananisumbua kila nikienda kliniki." Niliandika "The guard was disturbing me."

Ya nne: "Nikasikia mtoto wa mwenzangu wa kitanda cha pili amefariki, nikafadhaika sana." Niliandika "I was very discomfited."

Ya tano: "Watoto wa wenzangu walilia usiku kucha, nikasumbuka kulala." Niliandika "I was very disturbing to sleep."

Nitajuaje neno lipi linakaa wapi?

Mtafsiri, Morogoro

*

Marahaba, binti.

Nianze na swali la msimamizi kuhusu matatizo ya akili, maana hapo ndipo mhojiwa wako anapoweza kudhurika.

"Disturb" ina sura tatu, na kila sura ina uzito wake. Kama kitenzi cha kukatiza kazi au kuvunja utulivu wa mahali, ni jepesi sana: "Sorry to disturb you" husemwa na mtu anayebisha hodi, na kibao cha "Do not disturb" hutundikwa kwenye kitasa cha mlango wa hoteli. Likigeuka kivumishi "disturbing", uzito unapanda ghafla. "Disturbing images" ni zile picha za maiti na majeruhi ambazo watangazaji huwatahadharisha watazamaji kabla ya kuzionyesha. Na "disturbed", ikimwelezea mtu bila kutaja kilichomsumbua, inaelekea moja kwa moja kwenye maradhi ya akili. Sheria ya elimu maalumu ya Marekani inatumia "emotional disturbance" kama jina rasmi la mojawapo ya makundi ya ulemavu. Kwa hiyo "I was completely disturbed", sentensi iliyokatika hapo bila "by" wala maelezo, humfanya msomaji wa Kiingereza aone mgonjwa, wala si mama aliyekuwa akitazamwa na manesi wawili.

Ukitaja chanzo, hatari hiyo inapungua. "I was disturbed by the way they looked at me" haimtii mtu maradhi. Lakini bado ni nzito: inaonyesha kwamba msemaji ameona jambo baya kimaadili, jambo lisilopasa kutendeka. Iache kwa mama anayelaumu, na huyu wa kwanza halaumu bado. Anaeleza tu hali aliyokuwa nayo.

Sababu ya neno hili kutujia haraka inajulikana. Katika Kiingereza cha Afrika Mashariki "disturb" limechukua nafasi yote ya "sumbua", na sisi kwa sisi tunaelewana bila tatizo. Mtoto "disturbs", jirani "disturbs", tumbo "is disturbing me". Ila wasomaji wako hawapo hapa, na "sumbua" yetu ni pana kuliko neno lolote moja la kwao. Katika mahojiano ya hospitali utakutana nayo sana kwenye maradhi, basi uwe na majibu tayari. "Tumbo linanisumbua" ni "I have an upset stomach" au "my stomach is bothering me". "Mguu unanisumbua" ni "my leg is giving me trouble". "Nilikuwa nasumbuliwa na malaria" ni "I had malaria" tu, na "presha inanisumbua" ni "I have trouble with my blood pressure". Hapo hakuna hisia yoyote ya kutafsiri, kuna ugonjwa.

Sasa kuhusu thesorasi. Inakupa maneno yanayopakana bila kukuonyesha mipaka. Yafaa kwa mtu ambaye tayari anayajua maneno yote na anataka kukumbushwa moja. Wewe unahitaji kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanaojifunza lugha, kama zile za Oxford na Longman, kwa sababu zinaonyesha kama neno ni rasmi au la mtaani, linaambatana na kihusishi gani, na linakaa katika sentensi ya namna gani. Kamusi ya TUKI ya Kiingereza-Kiswahili ya mwaka 1996 itakupa mlango wa kuingilia, lakini usimalizie hapo. Ukiwa na intaneti, tafuta pia neno hilo kwenye Corpus of Contemporary American English, hifadhi iliyoanzishwa na Mark Davies wa Brigham Young University, yenye maneno zaidi ya bilioni moja ya Kiingereza cha Marekani kama kinavyotumika. Soma mistari ishirini tu yenye neno lako, uangalie ni vitu gani hutangulia na ni watu gani hufuata. Utajifunza zaidi kuliko kwenye orodha ndefu ya visawe.

Kabla ya kuchagua neno, jiulize kitu gani ndani ya mama kilitikiswa. Je, ni usingizi au kazi aliyokuwa akifanya? Ni utulivu wa moyo? Ni ujasiri? Ni mpangilio wa mawazo kichwani? Ni heshima yake mbele ya watu? Kisha tazama alichofanya baada ya hapo, jambo ambalo watafsiri wengi hulipita. Kama alinyamaza, alilia, aliondoka, aliomba kubadilishiwa kitanda, au alirudi nyumbani bila kumaliza kliniki, kitendo hicho ndicho kinachopima uzito wa neno kuliko "sana" na "kabisa" zote alizozitamka.

Tuingie kwenye sentensi zako.

Ya kwanza, kukosa amani. Kilichotikiswa ni utulivu wa moyo, na chanzo hakikujulikana: hakujua wanasema nini. Hali hiyo ndiyo hasa "uneasy". "They were whispering and looking at me, and I felt very uneasy." Ukitaka sentensi ianze na chanzo, "It unsettled me". "Unsettle" ni kumtoa mtu alipokuwa ametulia, kwa kiasi, bila kumwangusha. "Unnerve" iko ngazi moja juu: inaondoa ujasiri, na aliyekuwa "unnerved" anashindwa kufanya alichokuwa tayari kukifanya. Kama mama huyu aliendelea kusema kwamba baada ya minong'ono ile aliogopa hata kumwita nesi alipopata uchungu, basi "unnerved" ni lake kwa haki. Kama hakusema hivyo, baki na "uneasy".

Usiandike "I lacked peace". Msomaji ataielewa kama lugha ya mahubiri. Na usikimbilie "uncomfortable" hospitalini hata kama kamusi inairuhusu. Mama aliyejifungua juzi akisema "I was uncomfortable", msomaji anawaza kitanda, nyuzi na maumivu ya mgongo. Ukilazimika kuitumia, fanya ijulikane chanzo ni watu: "they made me uncomfortable".

Hiyo "kabisa" nayo ichunge. "Completely uneasy" haikai vizuri, kwa sababu "uneasy" ni hali yenye viwango na haina ukomo wa kufikia. Tumia "very" au "really". Epuka "quite" hapo: Mwingereza anayesema "quite uneasy" kwa kawaida anamaanisha kiasi tu, na utakuwa umelipunguza neno la mama badala ya kulitia nguvu.

Ya pili, kubabaika. Hapa moyo haumo sana. Kilichovurugika ni mpangilio wa mawazo, kwa haraka na mbele za watu. Neno ni "flustered": "He asked me one question after another in front of everyone and I got flustered." Angalia "got". Kubabaika ni tukio, lilianza wakati fulani, na Kiingereza huonyesha mwanzo huo kwa "got" au "became". Ukiandika "I was flustered" hukukosea, ila inasikika kana kwamba alikuwa hivyo tangu mwanzo. "Rattled" ingefaa pia kama maswali yale yalimvunja hali ya kujiamini, lakini ni neno la mazungumzo ya kawaida na linaonyesha pigo zaidi kuliko haraka. "Disconcerted" ni pale jambo usilolitarajia linapokuacha hujui ushike lipi: ukimya wa mtu, jicho lisilopepesa, jibu lisilolingana na swali. Na kama kilichomsumbua zaidi ni watu kusikia mambo yake, basi kutahayari ndiko kulikokuwapo, na neno ni "embarrassed".

"Perturbed" haikumfaa kwa sababu mbili. Kwanza ni la Kiingereza cha vitabuni, na mama huyu hazungumzi kitabuni. Ukimsemesha maneno ya hakimu, msomaji atamwona mtu mwingine. Pili, watu hulitumia zaidi kwa kukanusha: "she did not seem perturbed", au "unperturbed". Lina ndugu katika elimu ya nyota, ambako "perturbation" ni kuyumba kidogo kwa sayari kutoka njia yake kwa kuvutwa na nyingine. Kwa kuyumba kwa sayari ya Uranus, mwanaastronomia Mfaransa Le Verrier alikokotoa mahali pa sayari isiyojulikana, na Neptune ikaonekana Septemba 1846. Ukilishika neno kwa maana hiyo hutalikosea tena: ni kuyumbisha kidogo kitu kilichokuwa kikienda sawasawa. Kwa mama aliyebabaika mbele ya foleni, ni baridi mno.

Usije ukaandika "confused" kwa kubabaika wala kwa kuchanganyikiwa. Kwenye maandishi ya hospitali "the patient was confused" ni dalili ya kitabibu: mgonjwa hajui yuko wapi, saa ngapi, wala nani yuko mbele yake. Mama akisema "nilichanganyikiwa" baada ya habari mbaya, andika "I was beside myself" au "I didn't know what to do". Kama kilio na kukata tamaa vimo katika maelezo yake, "distraught".

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na siwezi kukupa neno kabla hujarudi kwenye rekodi. "Mlinzi alikuwa ananisumbua" ina angalau maana tatu. Huenda alimzungusha, mara onyesha kadi, mara rudi kesho, mara toa kitu kidogo. Huenda alimtongoza. Huenda alimshika au kumtolea maneno machafu. Kiingereza hakikuruhusu kuzifunika tatu hizi kwa neno moja bila kupotosha.

Akiwa alimzungusha, ni "he gave me a hard time" au "he hassled me". Akiwa alimtongoza bila kukoma, ni "he kept pestering me", na ni vizuri kuongeza kile alichokitaka kama mama alikisema. Akiwa alivuka hapo, ni "he harassed me", neno lenye uzito wa kisheria: Uingereza ina sheria yake mahususi ya "harassment" tangu 1997, na hapa Tanzania sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, maarufu kama SOSPA, iliingiza bughudha ya kijinsia katika makosa ya jinai. Ukiliandika bila ushahidi, ripoti inamtuhumu mtu kosa ambalo mhojiwa hakulitaja. Ukiliacha pale alipolitaja, umelificha. Makosa yote mawili yana mwenyewe anayeumia.

Sikiliza dakika mbili kabla na dakika mbili baada ya sentensi ile. Mara nyingi mama hutumia "kusumbua" kwa staha, kisha mbele kidogo anataja kilichotendeka kwa njia ya mzunguko. Kama bado hakieleweki, mwulize aliyefanya mahojiano. Kama naye hajui, andika "he kept bothering me", neno lisilohukumu upande wowote, na weka neno "kusumbua" lenyewe ndani ya mabano ya mraba pamoja na maelezo mafupi kwamba Kiswahili chake kinabeba maana zaidi ya moja. Msimamizi ndiye ataamua kama mama afuatwe tena, na utakuwa umempa sababu ya kufanya hivyo.

Katika mahojiano na wasichana wadogo, unaweza kukutana na maelezo ya mtu anayewatazama kwa namna inayotia kinyaa na woga pamoja. Kiingereza cha mazungumzo kina "he creeped me out". Wakati uliopita hapa ni "creeped", kamwe si "crept", maana "he crept out" ni kutoka kwa kunyata. Na mtu hasemi "I creeped out" akijielezea, lazima kiwepo kilichomtia hali hiyo. "Freak out" ni tofauti, huenda pande zote mbili: "it freaked me out" na "I freaked out".

Ya nne, kufadhaika kwa kifo cha mtoto. "Discomfited" hapa ni kosa linaloumiza msomaji. Asili yake ni Kifaransa cha kale, na maana ya kwanza ilikuwa kushinda vitani. Biblia ya Kiingereza ya King James ya 1611, Kutoka 17:13, inasema Yoshua "discomfited Amalek". Siku hizi limelegea na kuwa aibu ndogo ya mtu aliyekamatwa hana jibu, na wengi hulichanganya na "discomfort" kwa sababu ya mlio. Kwa mama aliyesikia mtoto wa jirani yake amefariki, linafanya msiba uonekane kama aibu.

Mkononi una "upset", "shaken" na "distressed". "Upset" ni la kila siku, la mdomoni mwa mtu yeyote, na kwa mzungumzaji wa Kiingereza si jepesi kama tunavyodhani: "I was very upset" huweza kubeba kilio. "Shaken" linahitaji tukio la ghafla, na linaeleza mwili na moyo pamoja katika saa zile za mwanzo. "Distressed" ni la muda mrefu zaidi, nalo lina harufu ya faili la hospitali. Mama alisema "nikasikia", ghafla, kwa hiyo ningeandika "I heard that the baby of the woman in the next bed had died, and I was badly shaken." Kama rekodi inaonyesha alilia au alikosa kula siku nzima, "I was terribly upset" litamkaa mdomoni vizuri zaidi. Kumbuka pia "upset" haibadiliki katika wakati uliopita. "Upsetted" haipo.

Ya tano ndiyo sentensi pekee ambamo "disturb" lilistahili, na hapo ndipo ulipoligeuza. Kilichokatizwa ni usingizi: "The other babies cried all night and disturbed my sleep", au kwa wepesi zaidi "kept me awake". Ulichoandika, "I was very disturbing", kinasema kwamba mama ndiye aliyewasumbua wengine.

Mkanganyiko wa "-ed" na "-ing" hauhitaji kukaririwa, kwa sababu Kiswahili kina mpango wa namna hiyo. Tuna fadhaika na fadhaisha, babaika na babaisha, shtuka na shtusha, hangaika na hangaisha, sononeka na sononesha. Anayefadhaika ndiye mwenye hisia, kinachofadhaisha ndicho kiini chake. "Disturbed, unsettled, shaken, upset" ni upande wa fadhaika. "Disturbing, unsettling, upsetting" ni upande wa fadhaisha. Kila unapoandika kivumishi cha aina hii, jiulize kwa Kiswahili: mama alifadhaika, au mama alifadhaisha? Jibu litakupa mwisho wa neno. Ya tano ungeiuliza hivyo, ungesikia mwenyewe kwamba mama alisumbuka, hakusumbua.

Tahadhari moja tu, kwamba si kila kitenzi kina kivumishi cha "-ing" kinachotumika. "Alarming", "worrying", "unnerving", "disconcerting", "troubling" na "distressing" ni za kawaida. Lakini kwa "rattle", "faze" na "bother" tumia kitenzi chenyewe: "it rattled me", "it bothered me". Na kinachoogofya ni "scary" au "frightening", wala si "scaring". "Faze" linataka kukanusha karibu kila mara. Tahajia "fase" haipo, na "it didn't phase me" ni kosa ambalo hata wenyewe hulifanya. Andika kwa z: "it didn't faze me". Kwa mama aliyetikisika halina kazi, lina kazi kwa yule aliyesema "wala sikutishika".

Vihusishi navyo: "disturbed by", "unnerved by", "shaken by", "worried about", "uneasy about". "Upset" huchukua "about" kwa jambo na "with" kwa mtu unayemkasirikia, hivyo "upset with the nurse" si huzuni tena, ni hasira. Angalia kama mama alikasirika kweli.

Misemo ya mwili itakupa mitego mingine. "Moyo ulinipaa" usiitafsiri "my heart leapt", kwa sababu kwa Kiingereza moyo unaoruka namna hiyo kwa kawaida ni wa furaha. Hofu ni "my heart was in my mouth". "Nilikaa roho juu" ni "I was on edge", na linafaa sana kwa mama aliyekuwa akisubiri majibu ya vipimo. "Mwili ulinisisimka" ni "it gave me the shivers". "Tumbo joto" ni wasiwasi wa kinachokuja, na "I was very nervous" inatosha. Hapa ongeza mabano ya mraba yenye msemo wa Kiswahili, kwa sababu watafiti wa afya watafaidika kujua kwamba mama alitaja tumbo au moyo, hata kama hakuwa akieleza dalili.

Jambo la kurudia neno, ambalo ndilo lililokuharibia kurasa za pili. Shuleni tulifundishwa kwamba kurudia neno ni uchovu wa insha. Katika tafsiri ya mahojiano ni uaminifu. Mama akisema "nilikosa amani" mara tatu, andika "uneasy" mara tatu. Watafiti huyapanga maelezo kwa kutafuta maneno yanayojirudia, wengi kwa programu ya kompyuta. Ukiandika "uneasy", kisha "unsettled", kisha "perturbed", umegawanya hisia moja kuwa tatu, na hakuna atakayejua kwamba mama alikuwa akirudi kwenye jambo lilelile.

Kwa hiyo jitengenezee jedwali la safu nne kabla ya kuendelea: maneno ya mama kama yalivyo, kilichomtikisa, alichofanya baadaye, na neno la Kiingereza ulilochagua. Maneno yako ya kila siku yawe machache. "Uneasy", "unsettled", "flustered", "upset", "shaken" na "bothered" yatabeba sehemu kubwa ya mahojiano ya namna hii, na yote yanaweza kutoka mdomoni mwa mtu wa kawaida. "Unnerved", "distressed" na "harassed" yawe ya kuombewa ushahidi kwenye safu ya tatu. "Disturbed" la kumwelezea mtu bila kutaja chanzo liondoe kabisa.

Ukishamaliza mahojiano mawili matatu, chukua sentensi kumi zenye hisia, umpe mtu anayejua lugha zote mbili ambaye hajasikia rekodi, azirudishe kwenye Kiswahili. Ni njia ya kutafsiri kinyume ambayo mwanasaikolojia Richard Brislin aliiandikia makala mwaka 1970 na watafiti wa tamaduni mbalimbali wanaitumia mpaka leo. "Uneasy" ikirudi kama "nilikosa amani" au "nilikuwa na wasiwasi", umefika. "Shaken" ikirudi kama "nilitetemeka kwa baridi", sentensi yako haikutoa chanzo cha kutosha, iongezee. Usimpe mwenye jedwali lako, atakupa unachotaka kukisikia.

Kurasa zilizokwisha kurudi zirekebishe kwa mpangilio huu. Anza na kila "disturbed" inayomwelezea mama, kwa sababu hizo ndizo zinazompa sifa ya ugonjwa. Fuatia na "-ing" zote, utazipata haraka kwa kutafuta "was disturbing" kwenye faili. Halafu rudi kwenye rekodi ya mlinzi, na usiitume sentensi ile mpaka umesikiliza dakika zile nne. Yaliyobaki yapitie pamoja na jedwali, na jedwali lenyewe liambatanishe kwenye barua pepe utakayomtumia msimamizi, ili aone kwa nini neno moja la Kiswahili limekuwa "bothered" ukurasa huu na "kept me awake" ukurasa ule.